Mazoea ya zamani kwa Kiingereza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu “used to”, “would” na maumbo ya jirani

“Nilikuwa naenda shuleni kwa miguu.” Sentensi hii inaweza kuwa jibu kwa askari anayeuliza ulikuwa wapi saa moja asubuhi. Inaweza pia kuwa simulizi ya bibi kuhusu miaka yake yote ya shule ya msingi. Mswahili anayesikiliza hapati taabu, kwa sababu mazungumzo yenyewe yanamwonyesha ni ipi. Kwa Kiingereza mzigo huo ni wa msemaji. Inabidi aamue kabla hajafungua kinywa: jambo lilikuwa katikati ya kutendeka, au lilikuwa desturi? Lilikuwa tendo au hali? Limekoma? Lina idadi? Maswali yaliyokusanywa hapa ndiyo wanafunzi wanaozungumza Kiswahili huyaleta zaidi darasani, na karibu yote yanatokana na uamuzi huo.

Kwa nini mwalimu anakata “I was going to school on foot every day”?

Kwa sababu “was going” humweka msikilizaji katikati ya safari moja. Ukisema “I was going to school when the rain started”, umemweka njiani, mvua ikamkuta huko. Ukiongeza “every day”, sentensi inavutwa pande mbili: kitenzi kinaonyesha asubuhi moja, kielezi kinaonyesha miaka. Sema “I used to go to school on foot” au “I went to school on foot every day”. Zote mbili ni sahihi.

Hili ndilo kosa ninalokutana nalo kuliko mengine yote, na chanzo chake kinaeleweka. Kiswahili hutumia “nilikuwa naenda” na “nilikuwa nikienda” kwa kazi zote mbili, kwa hiyo mwanafunzi hutafsiri “nilikuwa” kuwa “I was” na kuendelea na safari yake.

Kuna nafasi moja ambapo “was” na “-ing” hukubalika kwa jambo lililojirudia: pale lilipokuwa la muda tu. “That term I was walking to school because the bus fare had gone up.” Muhula ule tu, kwa sababu ile tu. Hapo hakuna wa kukukosoa.

“Used to” inasema nini hasa?

Inasema mambo mawili kwa pamoja: jambo lilikuwa la kawaida au la kudumu zamani, na sasa mambo ni tofauti. Inafuatwa na kitenzi kikavu, bila “-s”, bila “-ed”, bila “-ing”, na haibadiliki kwa mtu yeyote: “I used to swim”, “she used to swim”, “they used to swim”.

Inabeba matendo na hali vilevile. “Kenyan pupils used to sit the KCPE at the end of Standard Eight” ni tendo. Mtihani huo ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. “Kinshasa used to be called Léopoldville” ni hali. Jina lilibadilishwa mwaka 1966. “Bujumbura used to be the political capital of Burundi” ni hali pia, kwani tangu 2019 hadhi hiyo imehamia Gitega. Umbo linalopendwa sana na wenyeji wa Kiingereza, na ambalo wanafunzi wetu hulisahau, ni “there used to be”: “There used to be a cinema on this street.” Yaani, hapa mtaani palikuwa na sinema, leo haipo.

Je, ni lazima jambo liwe limekwisha?

Kwa kawaida msikilizaji ataelewa hivyo, hata kama hukusudii. Unaweza kuongeza “and I still do” ukafuta dhana hiyo, lakini usipoongeza, imebaki.

Hili si la kupuuzwa. Mtu anayeomba kazi akiulizwa juu ya tabia yake kazini, akajibu “I used to arrive early and I used to help my colleagues”, mwajiri anasikia mtu aliyeacha kuwahi na kuacha kusaidia wenzake. “I used to respect my elders” ni tangazo la utovu wa adabu. Kama jambo lilianza zamani na linaendelea, tumia “have”: “I have always respected my elders”, “I have lived in Sharjah since 2015.”

“Would” ni sawa na “used to”?

Mara nyingi, ndiyo. Mara nyingine, sivyo kabisa. Hapa inafaa tukae kidogo, kwa sababu anayeimudu “would” anaanza kusimulia kwa Kiingereza kwa ufasaha, na asiyeimudu hubaki akirudia “used to, used to, used to” mpaka aya nzima inachosha.

Tuanze na asili yake. “Would” ni wakati uliopita wa “will”, na “will” zamani ilikuwa na maana ya kutaka. Hata leo Mwingereza husema “He will sit there for hours” akimzungumzia mzee mwenye mazoea ya kukaa kibarazani, bila kuzungumzia wakati ujao. Irudishe sentensi hiyo zamani, upate “He would sit there for hours”. Kwa hiyo “would” huonyesha mtu au kitu kikitenda kwa mwelekeo wake, tena na tena. Ndiyo maana inahitaji tendo. Hali kama kuwa, kumiliki, kujua, kupenda, kuamini na kuishi mahali haziingii humo. Husemi “Kinshasa would be called Léopoldville” kwa maana ya kwamba zamani uliitwa hivyo. Husemi “My uncle would own a dhow”, wala “We would live in Tanga”. Sema “used to own” na “used to live”.

Sharti la pili ni kwamba “would” haiwezi kufungua habari yenyewe. Mtu akiingia chumbani na kusema tu “I would play football”, wote watangojea amalizie: “…if I had time”, au “…but my leg hurts”. Watadhani ni sharti au udhuru. Lazima kwanza wakati uwekwe mezani: “When I was a boy”, “In those days”, “Every Ramadan”. Ukishauweka, “would” iko huru.

Ndiyo sababu msimulizi mzuri huanza na “used to”, kisha akaingia katika “would”, kisha akateremka kwenye wakati uliopita wa kawaida. Soma aya hii:

“When I was in primary school, we used to spend every December at my grandmother’s house in Pangani. My cousins and I would get up before sunrise and run down to the river mouth to meet the fishermen. Sometimes they’d let us carry the smaller baskets. My grandmother had a big clay water pot by the door, and nobody drank before she did. One December the river flooded and we stayed in town.”

Tazama jinsi ilivyojengwa. “Used to” imeweka desturi na wakati wake mara moja tu, haikurudi tena. “Would” imechukua matendo, na “they’d” ni hiyohiyo “would” iliyofupishwa kama inavyotamkwa. Mtungi ni mali, yaani hali, ndiyo maana ni “had”. Mafuriko yalitokea mara moja, kwa hiyo “flooded”. Hakuna kanuni inayokulazimisha kufuata mpangilio huu, lakini ukiwasikiliza wazee wa Kiingereza wakisimulia utoto wao, utausikia kila mara.

Mbona nimesoma “On Fridays the house would be full of visitors”? “Be” si hali?

Swali zuri, na linaonyesha kwamba kanuni ya hapo juu isishikwe kama sheria ya mahakama. Nyumba haikuwa imejaa mfululizo. Ilijaa kila Ijumaa, ikatulia, ikajaa tena. Hali inayokuja na kuondoka kila nafasi fulani inahesabika kama tukio, na “would” inaipokea. Vivyo hivyo “He would be angry whenever we came home late.” Lakini “He would be a tall man” kwa maana ya kwamba alikuwa mrefu haiwezekani, kwani urefu hauji Ijumaa na kuondoka Jumamosi.

Naweza kukanusha kwa “wouldn’t”?

Tahadhari hapa. “Wouldn’t” katika habari za zamani mara nyingi humaanisha kukataa. “My little brother wouldn’t eat beans” msikilizaji ataelewa kwamba mtoto aligoma, akafunga mdomo, hata akibembelezwa. “The engine wouldn’t start” ni injini iliyogoma kuwaka. Kama unachotaka kusema ni kwamba zamani hakuwa akila maharage na sasa anakula, sema “My little brother didn’t use to eat beans” au “never used to eat beans”.

Ni “didn’t use to” au “didn’t used to”?

Andika “didn’t use to” na “Did you use to…?” katika mtihani na katika barua za kazi. Sababu ni ileile ya “didn’t go”: “did” imeshabeba wakati uliopita, kitenzi kinachofuata hakiubebi tena. Utaona “didn’t used to” hata katika maandishi ya wenyeji, kwa sababu masikioni zote mbili zinasikika sawa, “yuusto”. Mkanganyiko huu usikunyime usingizi: “never used to” inaukwepa wote.

Katika Kiingereza cha zamani kidogo cha Uingereza kuna pia “used not to”. Itambue unaposoma. Kuitumia leo kutakufanya usikike mkavu sana.

Kama ipo “used to” ya zamani, kwa nini nisiseme “I use to wake up at five” kwa mazoea ya sasa?

Kwa sababu Kiingereza cha leo hakina umbo hilo kwa wakati uliopo, ingawa husikika sana mitaani na hata maofisini. Kwa mazoea ya sasa tumia kitenzi cha kawaida na kielezi: “I usually wake up at five”, au “I wake up at five” basi. Hii ndiyo kazi ya “hu-” yetu: “Mimi huamka saa kumi na moja.”

Anayeuliza swali hili ana haki ya kushangaa, kwani zamani umbo hilo lilikuwapo. Katika Biblia ya Kiingereza ya King James, iliyotoka mwaka 1611, Zaburi ya 119 mstari wa 132 inasema “as thou usest to do unto those that love thy name”, yaani kama ilivyo desturi yako kuwatendea walipendao jina lako. Matumizi ya wakati uliopo yakafa, ya wakati uliopita yakabaki.

Nini tofauti ya “I used to wake up early” na “I am used to waking up early”?

Tofauti kubwa, na sisi tunaichanganya kwa sababu ya kitenzi kimoja: kuzoea. Kwa Kiswahili “nilizoea kuamka mapema” inaweza kumaanisha kwamba ilikuwa desturi yangu, na inaweza kumaanisha kwamba mwili ulishakubali, haikuniumiza tena. Kiingereza kinatenga maana hizi.

“I used to wake up early”: ilikuwa desturi, imekoma. Hakuna neno lolote kuhusu kama niliipenda au iliniumiza.

“I am used to waking up early”: nimezoea, hainisumbui. Hapa “used” ni kivumishi, “am” ndicho kitenzi, na kwa hiyo inaweza kwenda wakati wowote: “I was used to it”, “you will be used to it”.

“I got used to waking up early”: mwanzoni ilikuwa taabu, polepole nikazoea. Aliyehamia Minneapolis kutoka Mombasa atasema “It took me two winters to get used to the cold.”

Mtego uko katika “to”. Katika “used to wake”, “to” inashikana na kitenzi kikavu. Katika “used to waking”, “to” ni kihusishi, na baada ya kihusishi huja jina au umbo la “-ing”. Kuna kipimo kisichodanganya: weka jina mahali pa kitenzi. “I am used to the heat” inasimama. “I used to the heat” inaanguka. Pale jina linapoingia, tumia “-ing”. Pale lisipoingia, kitenzi kikavu. Sentensi kama “I was used to wake up early” imebeba nusu ya hii na nusu ya ile, na ndiyo inayopatikana zaidi katika insha.

Kuna na ya tatu inayofanana kwa macho tu: “This knife is used to cut fish.” Hiyo ni “use” ya kutumia, katika kauli ya kutendwa, na hutamkwa kwa z: “yuuzd”. Za mazoea hutamkwa kwa s.

Ni wakati gani wakati uliopita wa kawaida ni bora kuliko “used to”?

Penye hesabu. Ukitaja jumla ya mara au muda wote jambo lilivyodumu, “used to” haikubali. “I visited Zanzibar four times”, si “I used to visit Zanzibar four times”. “We lived in Muscat for six years”, si “We used to live in Muscat for six years”. Jumla hufunga jambo na kulitazama kutoka nje likiwa zima, ilhali “used to” hulitazama kutoka ndani, bila mwanzo wala mwisho.

Lakini kiwango cha kujirudia ni kitu kingine na kinakubalika: “We used to visit Zanzibar twice a year.” Mara mbili kwa mwaka haisemi jumla ni ngapi.

Zaidi ya hapo, wakati uliopita wa kawaida unaweza kufanya kazi yote ya “used to” kama kuna kielezi cha kuusaidia. “Every evening my father listened to the radio” haina kasoro. Ukiwa na shaka mbele ya msimamizi wa mtihani, umbo hili ndilo salama.

Na “She was always losing her keys”? Si ulisema “was” na “-ing” ni kosa?

Nilisema ni kosa kwa desturi ya kawaida. “Always” ikiingia katikati, sentensi inapata hisia: kero, mshangao, au upendo. Ni kama pale tunaposema mtu “haishi kupoteza funguo”. “My aunt was always giving us sweets” ni shangazi mkarimu kupita kiasi. “He was always borrowing money” ni lawama. Ukitaka kutaja jambo bila kulitia hisia, rudi kwenye “always lost”, “always gave”.

“Nilikuwaga” ni “used to”?

Kwa maana, hakuna kilicho karibu zaidi. Bara Tanzania na Kenya watu husema “nilikuwaga naenda”, na Kongo utasikia “nilikuwaka”. Walimu wa Kiswahili sanifu hawaikubali katika insha, na wana sababu zao, lakini kwa anayejifunza Kiingereza ni msaada wa kweli: kama ungeweza kuweka “-ga” mtaani, “used to” huenda inafaa.

Katika mtihani wa mazungumzo wa IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, haya yanasaidia vipi?

Sehemu ya pili ya mtihani huo inakupa dakika 1 ya kujiandaa na kukutaka uzungumze kwa dakika 1 hadi 2, na mada za utotoni au za mtu unayemkumbuka ni za kawaida. Tumia dakika ile ya maandalizi kuandika sentensi moja ya “used to” ya kufungulia, matendo matatu ya kuyasema kwa “would”, na tukio moja la mara moja. Usijaribu kupamba zaidi ya hapo. Watahiniwa wengi huanza vizuri kisha huteleza kwenye wakati uliopo katikati ya simulizi, “and then my grandfather tells us”, kwa sababu Kiswahili kinawaruhusu kusema “babu anatuambia” wakiwa zamani. Jirekodi kwa simu ukisimulia, kisha sikiliza vitenzi peke yake.

Nipe sentensi za kujipima.

Zigeuze hizi kuwa Kiingereza kabla hujasoma majibu.

1. Zamani mtaa huu ulikuwa na visima viwili.
2. Tulipokuwa wadogo, babu alikuwa akitusimulia hadithi kila usiku.
3. Nilifanya kazi bandarini miaka mitatu.
4. Nilikuwa napika simu ilipolia.
5. Sijazoea kuendesha gari upande wa kulia.
6. Dada yangu alikuwa hapendi kahawa, siku hizi anakunywa.
7. Punda aligoma kuvuka mto.

Majibu: 1. “This neighbourhood used to have two wells.” Ni hali, kwa hiyo “would” haifai. 2. “When we were small, Grandfather would tell us stories every night.” “Used to tell” na “told” pia ni sahihi. 3. “I worked at the port for three years.” Kuna jumla ya muda. 4. “I was cooking when the phone rang.” 5. “I’m not used to driving on the right.” Atakayeandika “drive” arudi kwenye kipimo cha jina. 6. “My sister didn’t use to like coffee, but she drinks it now.” 7. “The donkey wouldn’t cross the river.”